Chui Aliyesingiziwa Mbuzi Wangu

Nakumbuka asubuhi niliyotoka na kibuyu changu kwenda kukama mbuzi, nikakuta kamba peke yake imelala kwenye nyasi zenye umande. Ni zamani, mwanangu, lakini nikianza kuisimulia habari hii sauti yangu hupanda yenyewe. Nivumilie. Wako wazee wanaojua kusimulia kwa upole, na mimi pia ninajua, katika mambo mengine. Katika hili upole ulinitoka nikiwa bado mke mchanga, na haujarudi.

Wazazi wangu waliniita Nyaboke. Huko nilikoolewa, ng'ambo ya Magwagwa, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni, waliniita Moka Ondieki, yaani mke wa Ondieki, maana ndivyo tunavyowaita wanawake kwetu wakishaolewa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Chai yetu ilikuwa changa, haijafika hata kiunoni, na mume wangu alikuwa Kericho akichuma chai ya watu wengine ili yetu ipate muda wa kukua. Nyumbani tulibaki mimi, watoto wangu wadogo, na mama mkwe wangu, Kwamboka, mjane Msabato ambaye maneno yake yalikuwa machache na jembe lake halikukauka udongo.

Mbuzi mwenyewe alikuwa mmoja tu, jike jeupe lenye baka jeusi shingoni. Usimdharau. Mtoto wangu wa mwisho hakushiba maziwa yangu, na tumbo lake lilikataa ya ng'ombe, na yale ya mbuzi ndiyo yaliyomwondoa ngozi ya uzee usoni, akaanza kufanana na watoto wa watu. Kwa hiyo nilipoiona ile kamba sikuwaza habari ya mifugo. Nilimwaza mtoto.

Nikaiokota. Ilikuwa imekatwa, haikukatika. Mnyama akivuta kamba ya katani mpaka ikaachia, nyuzi hufumuka zikasimama ovyo kama nywele zisizochanwa. Hii ncha yake ilikuwa imenyooka, imekatwa kwa kisu kikali.

Wa kwanza kuja aliposikia nikiita alikuwa Ombati, jirani yetu na binamu ya mume wangu, mtu maskini mwenye watoto wengi na shamba dogo. Hakuishika kamba. Alitazama upande wa mtoni, kwenye mawe, akasema, "Ni engo." Engo ndiye chui kwa lugha yetu.

"Chui ana kisu, shemeji?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akasema ana kazi shambani, akaondoka.

Chui alikuwapo, sikatai. Alikaa kwenye yale mawe tangu kabla sijaolewa, na jioni tulimsikia akiguna, sauti kama mtu anayepasua ubao kwa msumeno mbovu. Mara moja moja alichukua mbwa. Lakini zaidi alikula nguruwe mwitu na nyani, na hao ndio waliokuwa wakila mahindi yetu. Kisha sisi ni watu wa Mugirango. Wazee walikuwa wakituambia kwamba huyo ndiye mnyama wa ukoo wetu, hauawi kwa mchezo. Wapo waliolicheka jambo hilo baada ya kuingia kanisani. Mama mkwe wangu alikuwa wa kanisa kuliko wote, na hakulicheka.

Siku chache baadaye nilishuka mtoni kukata nyasi za kuezekea. Njiani nikamkuta mwewe amelala chini, mabawa wazi. Mbele kidogo, kunguru wawili. Kisha mbwa wa jirani, midomo ina povu lililokauka. Nikajua kuna jambo baya, lakini miguu iliendelea kwenda. Chini ya mwamba nikamkuta mbuzi wangu, kipande cha kamba yangu bado shingoni. Tumbo lilikuwa limepasuliwa kwa kisu, na ndani mlinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Harufu ile hakuna mfugaji asiyeijua.

Nikainua macho. Ukingoni mwa maji kulikuwa na mwili mwekundu, umejikunja, hauna ngozi.

Mwanangu, nilidhani ni mtu. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena, hata wakati wa kujifungua. Nilipojikaza kusogea nikayaona meno, nikajua ni nani. Walikuwa wamemchuna kwa uangalifu, kama fundi anavyofumua nguo asiichane. Makucha nayo walikuwa wameondoka nayo. Na kwenye tumbo, chuchu zilikuwa zimevimba. Alikuwa ananyonyesha.

Sumu ndiyo waliyoipenda watu wa biashara ile, maana risasi hutoboa ngozi na mkuki huichana. Mnyama aliyekula sumu hukimbilia maji, hufa polepole huku tumbo linamuungua, na ngozi yake hubaki safi kwa mwanamke wa Ulaya atakayeivaa kama koti. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba mtu amemchukua mbuzi wa mtoto wangu akamgeuza mtego.

Mama mkwe alikuja na jembe. Aliangalia kila kitu. Kisha akasema, "Mzike mbuzi wako. Ile nyama isiguswe na mbwa wala mtoto."

"Na huyu mwingine?"

"Na huyo pia. Ni mama wa watoto."

Tulichimba sote wawili mpaka jua likawa kichwani. Jioni mbili tatu zilizofuata, kutoka kwenye mawe, tulisikia kilio chembamba, kama cha paka. Siku moja kikakoma. Nikiwa nanyonyesha mwanangu nilikisikiliza kilio kile, na nikikuambia kwamba hasira ilinizidi, usidhani ninatia chumvi.

Sabato iliyofuata tulikuwa tumerudi kutoka kanisani, viatu bado miguuni, gari likaja. Akashuka naibu wa chifu wa huko kwetu, na pamoja naye bwana mmoja aliyeitwa Mokua. Huyo Mokua tulimjua. Alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kuanzia kwetu hadi Nyamache, akazipeleka mjini Kisii, na biashara hiyo haikuwa na kosa. Alikuwa na gari la pikapu, kofia nzuri, na kicheko cha kumfanya kila mtu ajione rafiki yake. Siku hiyo hakuwa na kicheko. Askari walikuwa wamelisimamisha gari lake karibu na Daraja Mbili, wakafunua ngozi za ng'ombe, katikati wakakuta imekunjwa ngozi ya chui. Naye aliwaambia kwamba chui huyo aliuawa na wanakijiji kwa sababu alikula mbuzi, na kwamba alikuwa anaipeleka ngozi hiyo ofisini kutoa taarifa.

Naibu wa chifu alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Moka Ondieki, kesho kutwa atakuja askari wa wanyama. Atauliza swali moja. Chui alimla mbuzi wako, au hakumla? Utasema alimla. Basi."

"Lakini mbuzi wangu aliibwa."

Mokua akaingilia kwa upole. "Mama, tuseme ukweli mtupu. Mbuzi aliliwa, hakuliwa?"

"Aliliwa."

"Na nani?"

"Na chui, lakini..."

"Basi sema hivyo hivyo. Sheria inasema mtu akimuua mnyama kwa kulinda mifugo yake, hana kosa, mradi atoe taarifa. Mbuzi ni wako, chui alimla, ameuawa, taarifa imetolewa. Uongo uko wapi?"

Ule ni uongo ulioshonwa kwa nyuzi za kweli, na unapowekwa mbele yako namna hiyo unatafuta shimo hulioni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akiwa na Biblia yake.

"Uongo uko kwenye kisu," akasema. "Kisu kilitangulia, chui akaja nyuma. Ninyi mnataka mkwe wangu aanze hadithi katikati."

Mokua akageuka kwangu kana kwamba hakusikia. Alisema anasikitika kuhusu mtoto asiye na maziwa. Alisema ana mtamba wa gredi, ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi, huko kwake, mwenye mimba, na hajui ampe nani. Nakiri kwamba, ingawa mtoto asingenywa maziwa yake, nilimwona mtamba huyo akilini mwangu, ameshiba, amefungwa kwenye kigingi changu. Nani asingemuona?

Mama mkwe akasema, "Leo ni Sabato, hatuuzi kitu. Na hata Jumatatu, hiki mnachokitaka hakitauzwa."

Naibu wa chifu akasimama. Alipofika kwenye ua akasema kwa sauti ya chini, "Wanaume wote wa mteremko huu wamekubali kusema walimuua wao. Ninyi ni wanawake wawili. Mtaishi na nani?"

Hilo lilinichoma kuliko mtamba. Mume wangu alikuwa mbali. Mpaka wa shamba letu uligusana na wale wale watu. Nani angetusaidia kubeba mgonjwa, nani angekuja kuzika? Nilimwambia mama mkwe kwamba naogopa. Akasema yeye pia anaogopa, akaenda kuwasha moto.

Askari wa wanyama alikuja siku aliyoitaja naibu wa chifu. Alikuwa kijana wa Kitaita, mrefu, kaptura imepigwa pasi, na hakujua hata neno moja la Ekegusii, lugha yetu, kwa hiyo ilibidi tuseme Kiswahili. Wanaume wa mteremko walikaa kwenye nyasi. Naibu wa chifu alikuwapo, Mokua alikuwapo na kofia yake, Ombati aliketi nyuma kabisa. Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la nne, na hata hicho kilikuwa kimelala siku nyingi.

"Mama," askari akaniuliza, "ni kweli chui alimla mbuzi wako?"

Nikasimama.

"Mbuzi yangu ilikatwa kamba na kisu," nikasema. "Mimi naona kamba. Halafu mtu anapasua yeye tumbo, anaweka dawa ya ng'ombe ndani. Chui inakuja, inakuta chakula. Inakula, inakufa. Hiyo ndiyo mimi najua. Chui haikuja kwangu. Mtu ndiyo alikuja kwangu."

Naibu wa chifu akanirushia maneno kwa Ekegusii kwamba nichunge mdomo.

"Unamwambia nini?" askari akamuuliza naibu. "Mwache aseme. Mama, unaweza kunionyesha?"

"Twende."

Tuliwaongoza mimi na mama mkwe. Wakachimba. Harufu ya dawa ilikuwa bado nzito, wanaume wakafunika pua. Askari akakitoa kile kipande cha kamba shingoni mwa mbuzi, mama mkwe akatoa kile nilichokiokota asubuhi ile, akaviweka pamoja, ncha kwa ncha. Zililingana. Kisha wakachimba kaburi la pili, na yule kijana alipomtazama yule mnyama alivua kofia yake. Akasema, "Jike. Alikuwa na watoto." Akawageukia wanaume. "Mlimuua kwa kulinda mifugo, sivyo? Nani alikuwa na mkuki? Nani alipiga kelele? Nani aliumia?"

Wote waliangalia miguu yao.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo palipo kiini cha hasira yangu. Mokua hakungoja kuulizwa. Alinyoosha mkono wake juu ya vichwa vya watu, akaelekeza kidole nyuma kabisa.

"Mimi ni mfanyabiashara," akasema. "Nanunua ninacholetewa. Huyu ndiye aliyeniletea. Alimuua vipi, muulizeni yeye."

Kidole kilikuwa kimemwelekea Ombati.

Ombati alisimama polepole kama mtu aliyeitwa kanisani atoe sala na hakujiandaa. "Bwana Mokua," akasema kwa lugha yetu, "si wewe uliyenipa ile chupa? Si wewe uliyeniambia nitafute mbuzi mweupe, aonekane vizuri?"

"Chupa gani?" Mokua akajibu. "Una shahidi?"

Hakuwa naye. Alitutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi, akashusha macho. Nilikuwa nimeshahisi moyoni kwamba ni yeye tangu asubuhi ile ya kamba, lakini sikumtaja, na sikutaka kumtaja. Aliyemtaja ni yule aliyemtuma.

Kesi ilisikilizwa mjini Kisii. Nilikwenda kutoa ushahidi, mtoto mgongoni. Nitakuambia ilivyokwisha, na usidhani namlaumu hakimu, yeye alihukumu kwa sheria aliyoikuta mezani. Ombati alikiri kila kitu, kuiba mbuzi, kutega sumu, kuua mnyama bila kibali. Akapelekwa jela zaidi ya mwaka. Mokua alikutwa na kosa la kusafirisha ngozi bila karatasi zake. Akatozwa faini. Alilipa pale pale, akaweka pochi mfukoni, akamsalimu wakili wake, akatoka. Mimi nilipokuwa nikitafuta basi la kurudi nyumbani, pikapu yake ilinipita barabarani, na nyuma imejaa ngozi za ng'ombe. Biashara haikulala hata siku moja.

Mtu aliyekata kamba alifungwa. Aliyenunua kisu, chupa na mtu mwenyewe alilala nyumbani kwake. Na wale watu wa mbali waliokuwa wakiagiza, wenye maduka yenye vioo na wateja wenye manukato, majina yao hayakutajwa hata kidogo mle ndani.

Nyumbani mambo yakawa kama alivyosema naibu wa chifu. Kemunto, mke wa Ombati, akikutana nami njiani alibadilisha njia. Mtoni wanawake walinyamaza nikifika. Watoto wake walizunguka kijijini wakitafuta miwa ya kutafuna. Mtoto wangu nilimtafutia maziwa ya mbuzi kwa mama yangu mzazi, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Siku moja nilirudi na kibuyu nimechoka, nikamwambia mama mkwe, "Mama, afadhali ningesema walivyotaka. Chui alikuwa ameshakufa. Sasa Ombati yuko jela, watoto wake wana njaa, na Mokua anaendesha gari. Nimemsaidia nani?"

Mama mkwe alikuwa anapeta wimbi. Akauweka ungo chini.

"Nyaboke," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina hilo tangu nilipoingia kwake. "Nani alimpa Ombati chupa?"

"Mokua."

"Nani alimtaja mbele ya askari?"

"Mokua."

"Nani alimwacha mwanao bila maziwa?"

Nikakitazama kibuyu changu.

"Basi mbona unajitwisha makosa ambayo wenyewe wapo? Ukiyabeba wewe, wao wanatembea wepesi. Hasira yako ni nzuri, mwanangu, lakini umeigeuza, umeielekeza nyumbani kwako. Irudishe ilikotoka." Akafuta mikono, akachukua jembe. "Na sasa simama, twende tukapalilie mahindi ya Kemunto. Watoto wake hawajakata kamba ya mtu."

Tulikwenda. Kemunto alitutazama kutoka mlangoni, hakutukaribisha wala hakutufukuza. Siku ya pili tulirudi. Siku nyingine akatoka na jembe lake, akaanza mstari upande wa pili, tukalima mpaka tukakutana katikati. Hapo akakaa chini akalia, na mimi nikalia naye. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Nafikiri hakukuwa na radhi ya kuombana baina yetu, mwenye deni hilo hakuwapo shambani.

Mavuno yaliyofuata nyani walishuka kutoka kwenye mawe mchana kweupe, makundi kwa makundi, hawaogopi tena. Nguruwe mwitu walifukua viazi. Wanaume wale wale walioketi kimya kwenye nyasi walikesha mashambani wakipiga madebe, mwaka baada ya mwaka. Naibu wa chifu naye shamba lake liliisha. Sikumcheka mbele yake.

Ombati alirudi amekonda, mvi zimemjaa. Siku nyingi alipita mbele ya nyumba yetu bila salamu. Kisha jioni moja, jua bado lipo, alikuja akakaa nje na mume wangu aliyekuwa likizo, nami nikawapelekea uji. Alisema maneno ambayo nimeyaweka. "Aliniambia chui hana mwenyewe. Aliniambia ni mnyama tu wa mawe, akifa hakuna atakayelia. Na mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini." Kisha akaniambia, "Shemeji, mbuzi wako nitamlipa." Alimlipa, kwa kuchimba mashimo ya chai yetu mpya, na mume wangu alipotaka kumzuia nilimwambia amwache. Mtu ana haki ya kulipa anachodaiwa.

Miaka ikapita. Tukasikia kwenye redio kwamba mambo yamekuwa mabaya nchi nzima, chui, duma, ndovu, wote wanamalizwa, na nchi nyingi zimekubaliana kuzuia ngozi na pembe zisivuke mipaka. Mwaka wa sabini na saba serikali yetu ikapiga marufuku uwindaji wote. Haukupita muda mrefu ikapiga marufuku na biashara yenyewe, maduka yaliyouza ngozi na pembe yakaamriwa kufunga. Afisa mmoja akaja kutuelezea kwenye baraza, sokoni Magwagwa. Alisema sana, watu wakasinzia. Alipouliza kama kuna swali, nyuma kabisa akasimama mzee mmoja mwenye mvi. Alikuwa Ombati.

"Bwana Afisa," akasema, "mimi nilifungwa kwa ngozi ya chui, na nilistahili kufungwa. Swali langu ni moja. Hii sheria mpya inamjua anayenunua? Au inamjua tu anayetumwa?"

Soko zima liliamka. Yule afisa alikunja karatasi zake akamtazama. "Inamjua," akasema. "Anayeua, anayebeba, anayenunua, na mwenye duka. Wote."

"Nashukuru," Ombati akasema, akakaa. Kisha akafuta macho yake kwa mkono wa koti, hadharani, mbele ya wanaume.

Ungependa nikuambie kwamba Mokua alikamatwa. Hakukamatwa. Alikuwa ameshaondoka kwenye ngozi kabla mlango haujafungwa, akaingia kwenye mbao, akawa mgeni wa heshima kwenye harambee, akapigiwa makofi, akazikwa na watu wengi na nyimbo nzuri. Mimi sikwenda. Mpaka leo nikipita karibu na kwao nageuza uso, na mchungaji wetu ameniambia nisamehe, nami nimemwambia nitasamehe siku mtu atakaponionyesha nani aliyeombwa msamaha, mimi, Ombati, au wale watoto wa chui waliolia kwenye mawe.

Juzi mjukuu wangu alisikia redioni kwamba vijana wawili wamekamatwa na ngozi ya chui ndani ya gunia. Akacheka, akasema, "Bibi, si mnyama tu?" Nikamwambia akae chini, nikamsimulia haya niliyokusimulia wewe. Alipomaliza kusikiliza hakucheka.

Basi mwanangu, sikia ninalokuachia. Akija kwako mtu mwenye gari na maneno laini, akakuambia kuna mnyama asiye na mwenyewe, jua kwamba anakutafuta wewe, wala si mnyama. Anatafuta mkono wa kukata ili wake ubaki safi. Siku ya hatari atakuelekezea kidole kabla hujaulizwa. Sheria ya siku hizi ni kali, na ni vizuri iwe kali, lakini isiposimamiwa na mtu anayekubali kusema aliyoyaona, itabaki maneno kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiona, sema. Sema hata kwa Kiswahili kibovu kama changu. Usikubali kuanza hadithi katikati, ianzie kwenye kisu. Aliyekosea kwa umaskini wake umkemee, lakini watoto wake uwapalilie shamba. Na hasira yako usiizime ukiambiwa na watu kwamba mambo yamepita, iangalie tu imeelekea wapi.

Mungu akupe macho ya kuona mtego hata ukiwa umefunikwa kwa maneno mazuri. Akupe sauti siku ambayo wenzako wote wanaangalia miguu yao. Nyumba yako isikose maziwa, na jirani yako akikukasirikia kwa ajili ya ukweli, Mungu amlete mpaka mkutane katikati ya shamba. Nenda salama, mwanangu.